Jeneza la Nguo

Marehemu alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, anakunywa chai isiyo na sukari, na alikuwa na hasira.

"Siku tisa," alisema kabla hata ya salamu. "Kibali changu kinakwisha baada ya siku tisa, na nyinyi bado mnaniletea wino."

Inspekta Prisca Nkandu alivuta kiti, akafungua kisanduku cha wino, akatandika karatasi nyeupe kati ya kikombe cha chai na chupa tatu za vidonge. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mpole wa sauti, na watu kadhaa waliokuwa gereza la Mansa walikuwa wamedanganywa na upole huo.

"Dole gumba la kulia, ba Chisenga," alisema, kwa "ba" ya heshima ya Kibemba.

"Unaniita Chisenga. Kwa hiyo unaamini ni mimi?"

"Ndilo jina lililoandikwa kwenye jalada. Bonyeza."

Mzee akabonyeza. Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Lazaro Chisenga, miaka sitini na sita, mzaliwa wa kijiji cha Chilondo. Mwaka themanini na tatu alikwenda Uingereza kusomea ujenzi wa madaraja. Mwaka tisini na mbili akala kiapo cha uraia wa huko, na kwa sheria ya siku hizo uraia wake wa kuzaliwa ukafa papo hapo. Sheria imebadilika tangu wakati huo. Mtu kama yeye anaweza kurudishiwa uraia wa Zambia, mradi athibitishe alizaliwa hapa na ndugu wa damu amtambue kwa maandishi.

Tatizo lilianza alipopeleka maombi. Namba ya kitambulisho aliyoijaza kwenye fomu ilikuwa na mwenyewe. Lazaro Chisenga, kwa mujibu wa kompyuta, alikuwa anaishi Chilondo, analima muhogo, na uchaguzi uliopita alipiga kura. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa mwongo, na mwongo wa namna hiyo hafukuzwi nchini kabla ya kufungwa. Buku la usajili la wilaya, ambalo lingemaliza ubishi kwa alama za vidole, mchwa walikuwa wamelila mpaka gamba.

"Kwenye sababu ya kuomba umeandika 'kuzikwa nyumbani'," Nkandu alisema. "Wenzako huwa wanaandika biashara."

Mzee alizitazama chupa za vidonge. "Daktari amenipa mpaka mvua zijazo. Kule utachomwa, au utalazwa katikati ya watu usiowajua hata kwa salamu. Mimi nataka kulala karibu na mama yangu. Mgeni hazikwi Chilondo, chifu haruhusu. Lazima nirudi kuwa mtu wa hapa."

"Kitambulisho chako cha zamani kiko wapi?"

"Nilimwachia mama. Niliyekuwa na pasipoti ningekifanyia nini?"

"Kijijini umefika?"

"Wiki iliyopita. Walifunga milango! Saa nne asubuhi, kijiji kizima, kama vile nimekuja na ndui. Dada yangu Juliana nilimwona kwa macho yangu, akageuza uso. Kuna mtu aliwaambia nimekufa."

"Nani?"

"Si ndiyo kazi yako hiyo, mama?"

Nkandu akampa karatasi nyingine aandike maelezo yake kwa mkono. Mzee aliandika nusu ukurasa kwa mwandiko wa kulala, mzuri, akatia saini, akaweka tarehe. Mwezi aliuandika kwa tarakimu za Kirumi.

"Mapadri walitufundisha hivyo," alisema alipoona anatazamwa. "Fimbo zao hazisahauliki."

Nkandu akazikunja karatasi zote mbili, akaziweka mkobani.

* * *

Konstebo Jere, dereva, alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na alikuwa na neno juu ya kila kitu. Alikuwa Mngoni wa Chipata, na kwa kuwa Wangoni na watu wa kaskazini ni watani tangu vita vya mababu, hakuna aliyeweza kumkataza.

"Leo mtatupikia nini huko kwenu, bosi? Nyani wa kuchoma au wa kuchemsha?"

"Afadhali nyani ana mikono, unamjua kichwa na miguu. Nyinyi mnakula panya na mkia unaning'inia mdomoni."

"Mkia ndio utamu wenyewe." Jere alilikwepa shimo, likaja jingine. Kando ya barabara muhogo uliolowekwa ulikuwa umeanikwa juu ya mawe, mweupe, ukinuka uchachu. "Mimi kesi hii nimeshaimaliza. Mwongo ni huyo wa kijijini. Kaiba kadi ya mtu, kakaa nayo, sasa mwenyewe karudi."

"Na kijiji kizima kikafunga milango kwa ajili ya mwizi mmoja?"

Jere akafikiri kilomita nzima. "Basi mwongo ni wa Uingereza."

Nkandu mwenyewe alikuwa na mawazo yake, na yalielekea kwa mrithi. Mtu akifa ughaibuni mwili usiletwe, yuko anayefaidika na habari hizo. Ukimjua aliyefaidika, umemjua aliyezileta. Ndivyo alivyofikiri mpaka saa tano asubuhi ya siku hiyo.

Chilondo walipokelewa na mkuu wa kijiji, ba Kasoma, mtu mwenye mabega mapana aliyekaribia sitini. Alichuchumaa akapiga makofi ya heshima, na Nkandu akachuchumaa akapiga ya kwake. Vikaletwa vigoda na kibuyu cha munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi na mizizi. Kila kitu kilikuwa sawasawa, isipokuwa kwamba hakuna mtoto aliyekuja kuliangalia gari. Watoto walikuwa madirishani.

"Tumekuja kumwona Lazaro Chisenga," Nkandu alisema.

"Yupo, mukwai," mkuu alisema kwa neno la heshima la kwao. "Anakuja."

Aliyekuja alikuwa na miaka arobaini na minne, haizidi, shati limelowa jasho la shambani. Jere alikohoa ili asicheke.

"Wewe ndiye Lazaro Chisenga?"

"Ndimi, mukwai."

"Umezaliwa lini?"

"Mwaka hamsini na nane."

"Ukaenda Uingereza?"

"Nilikwenda mwaka themanini na tatu. Nilipandia ndege Ndola. Nililia, kwa sababu mjomba hakuja kuniaga."

"Mzee wangu!" Jere alishindwa kuvumilia. "Miaka sitini na sita na meno yote yapo? Hebu tuambie unakula nini, na sisi tuache panya."

Mtu yule hakucheka wala hakukasirika. Nkandu aliinua kiganja kumnyamazisha dereva. Yeye alikuwa mtu wa bonde lilelile la Luapula, na alichokuwa anakisikia alikisikia tangu utotoni.

"Kabla hujawa Chisenga," aliuliza taratibu, "mama yako alikuita nani?"

"Remmy."

"Na mama yako ni nani?"

"Juliana. Lakini tangu nilipovishwa jina ananiita kaka."

"Ulivishwa lini?"

"Mwaka elfu mbili na nne, mwezi wa nane, matanga yalipoondolewa."

Nkandu akamgeukia Jere. "Hadanganyi. Amemrithi mjomba wake. Kwetu marehemu akirithiwa, mrithi ndiye yeye. Watoto wa marehemu watamwita baba, na safari za marehemu atazisimulia kuwa zake. Hata mahakama ya chifu inaandika hivyo. Waandikishaji walipokuja na kompyuta zao, wakamuuliza jina, akawajibu na kadi akawapa."

"Na karani hakuona umri?"

"Karani naye alikuwa mtu wa huku. Aliona Chisenga."

Jere akatikisa kichwa, akamnong'oneza kwamba kwao Chipata mtu akifa anakufa kabisa, wala hapigi kura. Kisha akaaga kwenda kunyoosha miguu.

"Kadi ninaweza kuiona?" Nkandu aliuliza.

Remmy aliingia ndani akatoka na mkebe wa bati. Aliufungua kwa mikono miwili, kwa adabu. Ndani mlikuwa na mkanda wa ngozi, wembe wa kunyolea wa zamani, bahasha, na kadi ya kijani iliyochakaa kwenye kingo. Nyuma ya kadi, chini ya jina la kijiji na la chifu, ilikuwapo alama ya dole gumba, imefifia lakini imetimia.

Nkandu akatoa lenzi na karatasi ya asubuhi. Hakuwa na haraka. Alihesabu mistari kutoka katikati kwenda nje, akatafuta mahali inapogawanyika, akahesabu tena. Upande wa kushoto wa alama zote mbili kovu dogo lilikuwa limekata mistari mitatu mahali palepale.

Mzee wa Mansa alikuwa Lazaro Chisenga. Hakukuwa na wasiwasi tena juu ya hilo. Aliyekuwa na kaburi Chilondo alikuwa hai, na maswali yalikuwa yamebaki kwa walio hai wengine.

"Habari za msiba mlizipataje, ba Kasoma?"

"Ilikuja barua." Mkuu wa kijiji alijibu upesi mno. "Na sanduku la nguo zake. Mwili ulichomwa kule. Tulizika nguo, kama ilivyo desturi."

"Barua ndiyo hii?"

"Ya wafu hiyo, mama. Haishikwishikwi."

Nkandu alikuwa amekwisha kuitoa kwenye bahasha. Iliandikwa kwa Kibemba, na mwandishi alijiita Steven, rafiki wa marehemu. Lazaro alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua. Nguo zake zizikwe karibu na mama yake. Mrithi atoke nyumba ya Juliana. Na mjane wa marehemu kaka yake aachiliwe aolewe anakotaka, asiendelee kumngoja mtu ambaye hatarudi.

Alipofika kwenye tarehe alisimama. Mwezi ulikuwa umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi.

Akaiweka barua juu ya goti moja, na maelezo ya mzee wa Mansa juu ya jingine. Mwandiko ulikuwa uleule wa kulala. Miaka ishirini ilikuwa imeupunguza kasi tu. Basi yule mleta habari aliyekuwa anamtafuta, Nkandu alikuwa amempa wino asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na aliona haya kidogo kwa jinsi alivyokuwa amemwonea huruma.

Jere alirudi akipangusa viatu. "Bosi, pale nyuma ya kisima pana udongo mweusi, mzuri ajabu, na hakuna hata shina moja la muhogo. Njia yenyewe inapazunguka. Kuna matofali yameungua. Kwa nini hampalimi, wazee?"

Remmy alikuwa anafunga mkebe, na mfuniko ukamshinda.

"Pana nyoka," Kasoma alisema.

"Ningependa kumwona Juliana," Nkandu alisema.

"Anaumwa."

"Nitampa pole basi."

* * *

Juliana alikuwa nyuma ya nyumba yake, mguu mmoja ameunyoosha, anamenya muhogo. Alikuwa na miaka sabini. Kisu hakikusimama Nkandu alipopiga magoti, akapiga makofi, akaketi mkekani.

"Shikamoo, mama. Wanasema unaumwa."

"Wanaosema ndio wanaoumwa. Umekuja kwa ajili yake."

"Nimekuja kuuliza kama ni ndugu yako."

"Ndugu yangu yupo. Umemwona, amekufungulia mkebe."

"Huyo ni Chisenga wa kuvishwa, namheshimu. Nauliza yule uliyenyonya naye ziwa moja."

Kisu kikaendelea. Ganda refu la muhogo likaanguka kwenye beseni.

"Mama, alama ya kidole imeshasema. Ni yeye. Lakini ofisi inataka mdomo wa ndugu. Usiposema, atafungwa kwa kujifanya mtu ambaye ndiye. Anaumwa, hatatoka mzima. Kwa nini uligeuza uso?"

"Wewe ni binti wa wapi?"

"Wa ng'ambo ya mto Kalungwishi."

"Basi unajua jeneza huulizwa."

Nkandu alijua. Mkono wake uliokuwa unatafuta kalamu mkobani ulitulia.

"Walichonga jeneza la watu wazima," Juliana alisema. "Ndani suti, kofia, viatu. Wanaume wanne wakalibeba begani, wakaliuliza: nani amekuua? Nguo tupu, mwanangu! Lakini liliwavuta. Liliwayumbisha huku na huku, likapita kisimani, likagonga mlango wa mjomba wetu Ng'andwe mara tatu. Mjomba ndiye aliyemkataza Lazaro kuondoka. Alimwambia, ukienda hutarudi. Watu wakalikumbuka neno hilo."

"Akafanya nini?"

"Akatoka. Akasema, huyu mtoto nimemlea mimi, nimemfundisha kutembea, nitamuuaje? Alikuwa anacheka, alidhani wanatania. Wakamrudisha ndani, wakafunga mlango kwa nje. Nyumba ya nyasi haichelewi."

"Polisi walikuja?"

"Walikuja. Kasoma akawaambia kibatari kilianguka, wakaandika."

"Kasoma alikuwa wapi jeneza lilipobebwa?"

"Mbele, kulia."

Nkandu akatoa kalamu.

"Sasa unaelewa kwa nini niligeuza uso," Juliana alisema. "Nikimwita kaka yangu, nimewaita wale wote wauaji, na mwanangu anaishi katikati yao. Miaka ishirini tumesema mjomba alikuwa mchawi. Na mimi nilisema. Na mimi nilisimama pale na mlango sikuufungua."

"Barua iliyoleta habari uliwahi kusomewa?"

"Ilisomwa mara moja, kwa vilio. Nani alisikia?"

"Ninaomba usikie sasa." Nkandu alimsomea yote, polepole, mpaka kwenye mjane wa kaka. Kisu kikasimama.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Steven gani huyo?" Juliana aliuliza. "Mzungu anajuaje habari za mjane wa kaka yetu? Neno hilo lilisemwa ndani, kwenye kikao cha ukoo. Tulimwandikia Lazaro peke yake. Tulimwambia arudi amrithi kaka yake, avae jina, amchukue mjane. Hakujibu. Halafu ndiyo ikaja..." Alikitazama kisu mkononi, akakiweka chini mbali naye. "Kumbe ni yeye mwenyewe."

"Ndiye."

"Alijiua kwa kalamu ili asiseme hapana!"

Alilia basi, bila kujifunika uso, kilio kikavu cha hasira. Jere, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, alivua kofia yake. Nkandu alingoja. Alitamani kumshika mkono lakini hakufanya hivyo, kwa sababu alikuwa amekuja kama askari.

"Andika," Juliana alisema mwishowe. "Andika kwamba ni ndugu yangu, tumbo moja. Kisha andika mjomba, andika jeneza, andika Kasoma, na mimi niandike. Yote chini ya dole moja. Hakuna kugawa."

"Mama, ukiweka dole hapa hutaweza kulala Chilondo tena."

"Silali tangu mwaka ule. Andika, dole langu liko tayari."

Walipotoka Kasoma alikuwa ameegemea gari. Wanaume sita walisimama nyuma yake, mikono mitupu. Alimwona Juliana amebeba kifurushi cha nguo kichwani, Remmy nyuma yake amekumbatia mkebe, na alielewa kila kitu bila kuuliza.

"Inspekta, wewe ni mtu wa huku," alisema kwa upole uleule wa asubuhi. "Mtu akishazikwa na akarithiwa, kinachorudi na sura yake si mtu. Mwambie huyo wa Mansa asitafute kuja. Sisi tumemzika kwa heshima zote. Akija atatulazimisha tumalize."

"Umesema 'tumalize', ba Kasoma?"

"Nimesema kwa heshima, mukwai."

"Jere, andika hilo neno na saa," Nkandu alisema, akamfungulia Juliana mlango wa gari.

Hakuna aliyewazuia. Wale sita walipisha njia, na kwenye kioo cha pembeni Jere aliwaona wakigeuka wote pamoja kumtazama Kasoma.

* * *

Lazaro Chisenga aliwangoja barazani palepale. Ilikuwa saa kumi alasiri. Juliana alikataa kushuka. Alikaa kiti cha nyuma na mwanawe, kioo amekipandisha, na kutoka barazani kilichoonekana ni kitambaa chake cha kichwa tu.

"Dada amekuja!" Mzee alisimama, chai ikamwagika. "Kwa hiyo amesema ni mimi?"

"Amesema. Na kadi imesema. Keti."

"Nilikuambia. Nilikuambia asubuhi, ukaniletea wino." Alikuwa anacheka. "Nipe niyaone maneno yake."

Nkandu akampa maelezo ya dada yake, kurasa mbili. Wa kwanza mzee aliusoma kwa sauti, kama barua ya mapenzi: jina la mama, jina la baba, mwaka wa njaa aliozaliwa, kovu la dole gumba alilopata akichonga manati. Akaufunua wa pili. Sauti ikaendelea kwa mistari mitatu, kisha ikakatika, na akasoma yaliyobaki kwa midomo tu.

Alipomaliza alirudi juu akaanza upya. Nkandu hakumharakisha.

"Mjomba Ng'andwe," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Mimi sikujua. Naapa kwa kaburi la mama, sikujua. Nilidhani watalia wiki moja, wamvishe mtoto jina, yaishe. Ningewajibu nini? Nilikuwa na mke kule, nimekula kiapo cha watu wengine. Nikikataa kumrithi kaka, nimewatukana wafu. Nikifa, nani atanilaumu?" Alimtazama Inspekta kana kwamba anangoja jibu kweli. "Jeneza la nguo! Waliuliza nguo!"

"Uliwatumia wewe. Na walivyo unawajua, ulikulia pale."

Mzee alizipangusa karatasi kwa kiganja ingawa hazikuwa na vumbi. Alitazama kwenye gari, kitambaa hakikugeuka. Kisha, taratibu, akautenga ukurasa wa kwanza na ule wa pili.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ofisi ya uraia inahitaji nitambuliwe tu. Huu unatosha. Huu wa pili... hao waliofanya ni wazee sasa. Na mimi nina mpaka mvua zijazo. Tupeleke huu mmoja."

"Dole la dada yako halipo kwenye huo. Liko kwenye wa pili, chini kabisa. Hakutaka kuweka mara mbili."

"Na nisipopeleka chochote?"

"Utapanda ndege baada ya siku tisa na pasipoti yako. Mimi sitakufunga, nimeshajua wewe ni nani. Lakini barua yako ninayo, na utazikwa huko."

Mhudumu wa nyumba ya wageni alipita na ndoo, akawatazama, akaharakisha. Mzee alimngoja atokomee. Aliziunganisha kurasa mbili, akazigonga mezani zilingane kingo, akamsukumia Nkandu.

"Peleka zote," alisema. "Nataka kulala nyumbani."

Nkandu akazipokea. Akafungua mkoba, akatoa jalada jingine, jipya, gamba lake halijakunjwa. Juu yake akaandika jina la marehemu Ng'andwe na mwaka wa moto ule. Ndani, kwenye mstari wa kwanza, akaandika Lazaro Chisenga, mwanamume, miaka sitini na sita. Chini yake palikuwa na nafasi ya uraia. Akaijaza kwa herufi kubwa.

Mzee alikuwa anafuata kalamu. Aliusoma mstari ule kutoka upande wake wa meza, akaugusa kwa kidole, na macho yakamjaa machozi.

"Mzambia," alisema. "Umeandika kabla hata ofisi haijaamua."

"Nimeandika nilichothibitisha."

"Na hapa, kwenye jalada hili... mimi ni shahidi?"

Nafasi iliyofuata ilikuwa bado tupu. Nkandu alivuta kiti chake karibu na meza, akaitoa barua ya Steven kwenye bahasha, akaifungua katikati yao.

"Hilo tutalijua tukishamaliza hii," alisema. "Anza tangu siku uliyonunua lile sanduku."